Mpiganaji Akishapata Nyumba

Majambazi wanafika langoni asubuhi, ngano ikiwa imebakiza siku moja tu ivunwe. Ndani ya ukuta wamo watu saba. Mmoja anatembelea mguu wa chuma wa bei ya chini, maana ule wa kuzaliwa nao ulibaki jangwani. Mwingine yuko kitandani, kafungwa bendeji kuanzia kichwani hadi kifuani tangu purukushani ya juzi. Mchezaji anasimamisha saa ya mchezo na kuanza kugawa majukumu: wawili wapande ukutani kwenye pinde kubwa za mtambo, watatu wajipange nyuma ya lango, mpishi aache tanuri achukue rungu. Anaporuhusu saa iendelee ndipo anagundua kwamba yule aliyetakiwa kufunga lango bado yuko kisimani anateka maji ya shamba, na lango liko wazi kabisa.

Hiyo ni Kenshi, gemu ya kompyuta iliyotoka rasmi tarehe 6 Desemba 2018. Tukio lenyewe ni la kawaida mno ndani yake. Kila aliyeicheza kwa wiki mbili ana la kwake la namna hiyo. Ajabu ni jinsi mchezaji anavyolichukulia. Hawazi juu ya upanga wala sifa za ushindi. Anawaza unga. Aliingia katika gemu ya kupigana, na sasa roho iko juu kwa ajili ya magunia manne ya ngano.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Gemu za kuigiza uhusika, zile ambazo mtu anamlea mhusika wake akaongezeka nguvu, ujuzi na silaha, kwa miaka mingi zilimchukulia mchezaji kama msafiri. Anaingia kijijini, anasikiliza shida za wazee, anaua zimwi pangoni, anapokea shukrani, anaondoka. Kijiji kinabaki kilivyokuwa, muuza dawa akirudia sentensi yake ileile hata msafiri akirejea baada ya mwaka. Kuunganisha mapigano na ujenzi wa makazi ni kumnyima msafiri huyo ruhusa ya kuondoka.

Wazo si geni. Mwaka 1990 kampuni ya Quintet ya Japani ilitoa ActRaiser, ambamo mchezaji ni mungu wa namna yake: kwanza anashuka na upanga kusafisha nchi iliyojaa mazimwi, kisha anapanda juu na kuongoza watu wafungue barabara, walime, waongezeke. Nusu ni kupigana, nusu ni kulea mji. Toleo la pili, la mwaka 1993, likatupa ujenzi wote na kubakiza upanga peke yake, na mpaka leo wapenzi wa lile la kwanza wanalitaja la pili kama mtu anayetaja wali uliopikwa bila nazi. Wakubwa wa biashara ya gemu walirudi kwenye wazo hilo mara mojamoja. Waliolishika na kulifikisha mbali ni watengenezaji wadogo, wengine wakianza wakiwa peke yao chumbani.

Chris Hunt, Mwingereza aliyeanzisha Lo-Fi Games, ni mmoja wao. Aliitengeneza Kenshi peke yake kwa miaka mingi, huku akijikimu kwa kazi ya ulinzi ya muda. Kuanzia mwaka 2013 gemu ilianza kuuzwa kwenye duka la Steam kabla haijakamilika, na fedha hizo ndizo zilizomwezesha kuajiri wenzake wachache. Tangu wazo lilipoanza mpaka toleo kamili ilipita zaidi ya miaka kumi. Hatimaye ikauza nakala zaidi ya milioni moja, licha ya picha zake ambazo hata siku ya kutoka zilionekana za zamani.

Katika dunia ya Kenshi hakuna shujaa aliyetabiriwa. Mchezaji anaanza na mtu mnyonge, vijisenti vichache na silaha ambayo fundi chuma angeona haya kuiuza. Wengi wanaanzia Hub, mji uliobaki magofu na baa moja, wakichimba shaba kwenye mwamba wa jirani na kwenda kuiuza. Majambazi wenye njaa wakimkuta njiani wanampiga hadi anazimia, wanachukua chakula chake, wanakwenda zao. Hawana haja ya kummaliza. Shida yao ni tumbo. Akizinduka, damu ikiwa bado inamtoka, anajifunga bendeji na kujikokota kurudi baani. Hapo ndipo penye akili ya mchezo huu: ugumu wa mwili, kwa maana ya kipimo kinachohesabiwa na gemu, unapanda kwa kupigwa. Nguvu zinapanda kwa kubeba mizigo mizito. Hata mtumwa aliyefungwa pingu katika kambi ya Rebirth anaweza kukesha akijifunza kufungua kufuli za pingu zake mwenyewe, na yapo makundi ya wachezaji wanaojipeleka utumwani makusudi, kwa sababu huko kuna chakula cha bure na kufuli za kufanyia mazoezi.

Mtu wa namna hiyo, asiye na kitu, kumwogopesha ni kazi. Ameshapigwa, ameshaibiwa, ameshauzwa. Kinachomrudishia woga ni nyumba.

Kujenga kunaanza kwa unyenyekevu: kibanda, meza ya utafiti, mashine ya kusaga mawe iwe vifaa vya ujenzi. Baadaye kisima, shamba, kinu cha unga, tanuri la mkate, mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme. Ardhi ya eneo la Hub ni kavu, kwa hiyo mwenye tamaa ya ngano anasogea kwenye nyanda za kijani. Lakini nyanda nzuri zina wenyewe. Ukijenga katika nchi ya Holy Nation, dola ya kidini inayowabagua wanawake na wote wasio binadamu kamili, wanakuja kukutembelea na kukagua unaishi na nani. Ukijenga upande wa United Cities, mtoza kodi anafika na askari wake. Kwenye mpaka wanakuja majambazi wa vumbi kudai hela ya ulinzi. Ujirani, kwa maneno mengine, unaingia kwenye mchezo kupitia kiwanja. Alipokuwa mzururaji hakuna serikali iliyomjua. Alipopiga ukuta wa kwanza alipata majirani wanne na madeni matatu.

Mapigano nayo yanabadilika sura. Katika Kenshi mchezaji hashiki upanga kwa mkono wake. Anaamuru tu, na takwimu za kila mtu ndizo zinazopigana. Nje ya nyumba, amri iliyo bora mara nyingi ni kukimbia. Nyuma ya lango hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo maswali yanakuwa ya mkuu wa boma: nani ajeruhiwe kwanza? Nani asijeruhiwe kabisa kwa sababu ndiye tabibu? Pinde za ukutani zinaua vizuri, ila zinampiga rafiki aliyesimama kwenye mstari wa mshale vilevile zinavyompiga adui. Mchezaji akishampoteza mpishi wake kwa mshale wa mwenzake mara moja, ataupanga upya mji wake wote.

Wacheza bao hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila upande una shimo moja la mraba linaloitwa nyumba, nalo linaanza na kete 6. Maadamu hazijapungua idadi hiyo, nyumba ingali hai, na mwenyewe ana hiari: akila, na kete yake ya mwisho ikatua hapo, anaweza kulala, nyumba ibaki imenona, au anaweza kusafiri, aichote yote na kuitawanya mashimoni kwa matumaini ya kula zaidi. Akisafiri, nyumba imekwisha, haijengwi tena. Ndiyo maana sehemu ya mwanzo ya mchezo, ile ya kunamua, ina utulivu wenye wasiwasi ndani yake, watu wakikuna videvu kwa shimo moja. Waliobuni bao walikwishajua kwamba ubao wa vita unapata moto zaidi ukiwekwa nyumba katikati yake.

Kwa kompyuta, hesabu ya nyumba na hatari inaweza kufanywa kali zaidi. RimWorld, ya Mkanada Tynan Sylvester, ilifika toleo kamili tarehe 17 Oktoba 2018, wiki chache kabla ya Kenshi. Wabishi watasema si gemu ya uhusika hasa, na wana hoja, lakini kila mkazi wake ana historia, vipaji, chuki na mapenzi yake, na hilo linatosha kuiingiza katika ukoo. Ukubwa wa uvamizi ndani yake unategemea kwa sehemu kubwa mambo mawili: idadi ya watu wako na thamani ya mali yako. Kila sanamu, kila sakafu ya marumaru, kila ghala la dhahabu linaongezwa kwenye hesabu. Tajiri anatumiwa majambazi wengi kuliko maskini. Wachezaji wazoefu wamejifunza kuishi kwa kujificha: wanalala vyumba vya udongo, wanauza ziada haraka, wanajizuia kununua vitu vizuri hadi ulinzi uwatangulie. Yeyote aliyewahi kumwona mwenye duka akiliacha duka lake lionekane chakavu makusudi anaielewa siasa hiyo bila kufundishwa.

Gemu hiyohiyo, ambayo inaweza kuteketeza kijiji kizima kwa uvamizi mmoja, inamhesabia mkazi adhabu ya moyo kwa kula bila meza. Jambo dogo kabisa. Lakini mtu aliyelala chumba kibaya, akampoteza rafiki, kisha akala amesimama, anaweza kuvunjika moyo katikati ya vita na kuanza kuzurura nje ya ukuta. Meza ya mbao imekuwa silaha.

Wasweden wa Iron Gate, kikosi cha watu watano wakati huo, walilipeleka wazo hilo mahali pa joto zaidi. Valheim yao iliingia sokoni tarehe 2 Februari 2021 ikiwa bado haijakamilika, na katika muda wa mwezi mmoja hivi ilikuwa imeuza nakala milioni 5. Ilikuwa na uzito wa gigabaiti moja tu hivi, jambo ambalo mtu anayenunua bando kwa siku halidharau. Mchezaji ni shujaa wa Kiviking aliyekufa na kupelekwa nchi ya majaribu, ambako anasubiriwa na majitu ya kupigana nayo. Anajenga kwa magogo yanayotii mvuto wa ardhi: nguzo ikiwa mbali mno na msingi inageuka nyekundu machoni pake, kisha inadondoka. Akiwasha moto ndani bila kuacha tundu la moshi, moshi unajaa na kumuumiza. Kwa hiyo kila mgeni wa Valheim hujenga nyumba ya kwanza vibaya, hukohoa, hutoka nje usiku wa manane na kubomoa kipande cha paa.

Malipo ya nyumba nzuri ni pumzi. Aliyekaa karibu na moto, chini ya paa, anapata hali ya mapumziko ambayo inamrudishia nguvu za kukimbia na kupiga kwa haraka zaidi akiwa vitani, na kila daraja la starehe linaongeza muda wa hali hiyo kwa dakika moja. Kiti kinahesabiwa. Kitanda kinahesabiwa. Zulia la ngozi ya kulungu linahesabiwa. Kijana aliyedhani mapambo ni mambo ya wasiopigana anajikuta anatandika zulia kabla ya kwenda kupambana na bosi wa msituni. Gemu chache zimewahi kutetea kazi za nyumbani kwa hoja nzito hivyo.

Terraria ya Re-Logic, iliyotoka Mei 2011, ilikuwa imekwisha kuonyesha njia hiyo kwa vipimo vidogo. Jenga chumba chenye kuta, mlango, taa, meza na kiti, na mtu atahamia: mfanyabiashara, kisha muuguzi anayetibu kwa malipo. Cult of the Lamb ya Massive Monster wa Melbourne, ya Agosti 2022, inamfanya mwanakondoo kuwa kiongozi wa dhehebu. Anatoka kwenda kupigana kwenye misitu ya wazushi, na kila dakika anayokaa huko waumini wake wanaona njaa, wanachafua uwanja, wanazeeka. Akirudi na ushindi anakuta kinyesi cha kuzoa na maiti ya kuzika. Ni kichekesho chenye hesabu kali ndani yake, na kilipata wachezaji milioni moja katika wiki ya kwanza.

Sasa linganisha na Fallout 4 ya Bethesda, gemu ya fedha nyingi ya Novemba 2015. Nayo ilimpa mchezaji viwanja, mbao, mitambo ya maji na bunduki za kujiendesha. Watu walijenga vitu vya kustaajabisha humo, lakini simulizi kuu haikuvihitaji. Mchezaji anaweza kuimaliza hadithi akiwa amejenga kidogo sana, na wakazi wengi hawana hata jina. Wanaitwa walowezi, basi. Taarifa kwamba kijiji fulani kinashambuliwa inamfikia akiwa upande wa pili wa ramani, anashusha pumzi kama aliyepigiwa simu na benki. Yule mhusika anayeleta taarifa hizo kila mara amekuwa kichekesho cha dunia nzima. Tofauti si ufundi, kwa maana Bethesda wana mafundi wa kutosha. Studio kubwa imelipia waigizaji, mandhari na hadithi yenye mwisho, kwa hiyo haiwezi kukubali kirahisi kwamba mchezaji apoteze kila kitu saa ya arobaini kwa sababu lango lilisahauliwa wazi. Mtu mmoja na mkopo wake anaweza kukubali. Hana hadithi ya kulinda.

Uhuru huo una gharama zake, na wapenzi wa gemu hizi wana desturi ya kuzifunika. Kenshi ina wahusika wanaopotea njia kwenye ngazi zao wenyewe, na mji ukikua, mashine ya kawaida inaanza kulalama. Saa za kwanza kumi ni mateso matupu kwa asiyepewa kidokezo na mtu, na anayeacha hapo si mjinga. Halafu kuna uchovu wa mwisho. Ukuta ukishakuwa imara, watu wakishafuzu, uvamizi unageuka kuwa zamu ya kila juma, na mji uliokuwa mapigo ya moyo unakuwa kiwanda cha mkate. RimWorld inajaribu kuliepuka hilo kwa kumpandishia tajiri idadi ya maadui. Valheim kwa kumtuma mjenzi nchi mpya zenye madini mapya. Kenshi haijaribu sana. Inamwachia mchezaji auchoke ufalme wake mwenyewe, aondoke na begi mgongoni kwenda kuanza upya, na huenda hilo ni jibu la kweli kuliko yote.

Kwa Afrika Mashariki, ambako simu ndiyo kompyuta ya walio wengi, mlango mpana zaidi wa ukoo huu ni Terraria, ambayo inacheza vizuri kwenye simu, pamoja na Stardew Valley ya Eric Barone, ya mwaka 2016, ambayo ni ya shamba kwanza na mapango ya kupigana baadaye. Lugha ni suala jingine. Tales of Kenzera: ZAU, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ilipotoka Aprili 2024 ilikuja na sauti za Kiswahili, na kusikia mhusika wa gemu ya hadhi hiyo akinena lugha hii kulikuwa tukio. Lakini hiyo ni gemu ya kuruka na kupigana. Haina ujenzi wa makazi, wala haina milima ya maandishi waliyo nayo ndugu zake wa ujenzi, na Kenshi haina Kiswahili kabisa. Inasikitisha kidogo, kwa sababu msamiati uko tayari umekaa. Neno boma peke yake linabeba zizi la ng'ombe, ukuta wa miba, ngome ya askari na ofisi ya mkuu wa wilaya. Hicho ndicho kitu chenyewe ambacho mchezaji wa Kenshi anakijenga, kwa mpangilio uleule.

Na kama kuna gemu moja iliyolifikisha jambo hili hadi ukingoni, ni Dwarf Fortress ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Waliitoa kwanza mwaka 2006, bure, ikiwa ni herufi na alama tupu kwenye skrini, wakaishi kwa michango ya wachezaji. Mwaka 2012 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliiingiza katika hazina yake. Desemba 2022 likatoka toleo la kulipia lenye picha, na mwezi huohuo ikauza nakala karibu nusu milioni. Mchezaji anaongoza mbilikimo wanaochimba ngome mlimani, na karibu kila ngome inaanguka: mafuriko, njaa, kichaa kinachoambukizana, joka.

Ila dunia haifutwi. Mchezaji anaweza kuanza upya kama msafiri mmoja mwenye upanga, katika dunia ileile, miaka ikiwa imepita, akatembea kwa miguu hadi kwenye ngome aliyoipoteza. Lango limevunjika. Maghala yamejaa vitu alivyoamuru vitengenezwe. Mbilikimo walikuwa na mazoea ya kuchonga kuta za kumbi zao, na michoro ilikuwa ya mambo yaliyowapata: nani alichaguliwa kiongozi, nani aliuawa na mnyama gani. Msafiri anasimama kwenye ukumbi wa chakula, mwenge mkononi, anasoma ukuta. Hapo pana mchoro wa mwashi fulani akiwa katikati ya moto, na mchezaji anamkumbuka. Yeye ndiye aliyemtuma kwenda kufunga mlango.